Bibi Aliweka Kalamu Chini

...na kwa nini ameiweka kalamu chini, Bibi haweki kalamu chini, mchezo haujaisha, hakuna aliyepata nyumba, yaani aliyejaza kadi yote, tano na mbili, hamsini na mbili, Jodie akatamka kwenye kipaza sauti, na sauti ikatoka ileile ya kila Jumatano mchana, tamu, isiyo na haraka, sauti ambayo wazee wa klabu wanasema inawafikia hata waliosahau vifaa vyao vya masikio nyumbani, na vichwa vyeupe vyote vikainama juu ya kadi za bingo, kalamu nene zikagonga meza, isipokuwa ya Bibi Avril pale meza ya mbele, imelala kando ya kikombe cha chai, kifuniko kimerudishwa, kifuniko jamani, na Bibi mwenyewe ameishika simu ya Jodie kwa mikono miwili, ameisogeza mbali na uso kwa sababu miwani iko kichwani na amesahau kwamba iko kichwani, midomo inamcheza, anasoma... anasoma! Nilimwambia asisome, Trevor meneja haruhusu simu hapa jukwaani, kwa hiyo nishikie tu, Bibi, nikishuka nitaangalia mwenyewe, naye akajibu, "Niifungue ya nini, hata kuiwasha siwezi," uso mtakatifu kabisa, mwongo mkubwa, namba ya siri ni siku yake ya kuzaliwa, na saa ya ukutani juu ya picha ya timu ya vishale imeshapita saa nane, na saa nane ndiyo chuo kilisema kitatoa matokeo ya marudio ya hisabati, hisabati peke yake, mitihani ile mingine yote nimepita, misingi ya uhasibu, uchumi, uandishi, imebaki hiyo moja tu na haina mara ya tatu, ukipita unaingia mwaka wa kwanza wa shahada, ukifeli unarudi nyumbani na mwaka wako mmoja mkononi... wanene wawili, ndivyo tunavyoiita themanini na nane, na ukumbi wote ukaitikia kwa pamoja, "Tetemeka, tetemeka!" kama unavyoitikia siku zote, na Bibi, ambaye ndiye huanzisha, hakuitikia. Hakuna kitu kinachomfanya Bibi asiitikie. Siku ile Babu alipoanguka pale karibu na kaunta, Bibi alimalizia kwanza namba iliyokuwa imeitwa ndipo akainuka, na Babu alipopona akasema angekuwa yeye angefanya vivyo hivyo, kwa hiyo kama kuanguka kwa Babu hakukutosha kuiweka kalamu ile chini, basi kilichomo kwenye simu ni kikubwa kuliko kuanguka kwa Babu, nimefeli, nimefeli tena, mkono ukaingia kwenye mashine ya mipira ya namba wenyewe na kuchukua mpira, miguu miwili iliyosimama, kumi na moja, wazee wakapiga miluzi, hata Bwana Harker asiye na meno ya mbele alijitahidi, na Jodie akatabasamu maana anayeita namba hutabasamu.

Lile shati liko nyuma ya mlango wa ofisi, bado limo kwenye mfuko wa nailoni, Msaidizi wa Meneja limeshonwa kifuani kwa uzi wa dhahabu na chini yake Jodie, Trevor ameliagiza bila kumuuliza, "Likikubana tutalibadilisha," alisema jana akiwa anafuta glasi, "huku kwetu hatuna marudio, mhasibu wangu," mhasibu wangu, mwaka mzima ananiita hivyo, mhasibu wangu nihesabie viti, mhasibu wangu jumlisha hizi sandwichi, na si mtu mbaya Trevor, ndiyo shida, hakuna hata mmoja kati yao aliye mbaya, hata yule kijana wa viatu vyeupe kwenye mgahawa wa chuo kule Hull hakuwa mbaya, aliuliza tu, "Aa, kumbe ninyi ni wa mwaka sifuri?" yaani huu mwaka wa maandalizi kabla ya shahada, akacheka na kunipisha nipite na trei yangu, ana miaka kumi na minane na mimi ishirini na tisa, nikaenda kukaa dirishani nikijiona mtu aliyeingilia mlango wa jikoni kwenye harusi, na hata Mwalimu Pickering wa hisabati shuleni, Mungu amsamehe, alinishika bega nilipokuwa na miaka kumi na mitano akaniambia kwa upole kabisa, "Jodie, mwanangu, wewe na namba hamkuumbwa kujuana," nikamwamini, kwa upole vile nani asiyeamini, nikamwamini miaka kumi na minne na huku kila Jumatano nazitaja namba kwa sauti, nazishika mkononi moja moja, nazigawa kwa watu, namba zinapita kwangu kwenda kwa wenzangu... saba na tatu, sabini na tatu, "Punguza mwendo, binti, si mashindano ya farasi!" hiyo ni Brenda wa meza ya nyuma, Brenda amebakiza namba moja, akibakiza moja huwa anaanza ugomvi. Na Bibi bado yuko kwenye simu. Anasoma nini muda wote huo, neno umefeli lina herufi ngapi, au wameandika barua nzima, tunasikitika kukujulisha, wanasikitika sana watu wa vyuo, mwezi wa tano pia walisikitika, nikakaa kwenye benchi la kituo cha mabasi na pati ya viazi vya kupondwa iliyokaangwa na chipsi zenye ile pilipili yao nyekundu, nikalia huku nakula, nikazimaliza zote, mama mmoja akanipa kitambaa akidhani ni pilipili.

Lakini niliporudi nyumbani Bibi hakusikitika. Bibi alisema, "Haya, leta kitabu," akasogeza sahani, maana ndivyo tulivyosoma mwaka mzima, mimi naeleza, yeye anasikiliza na kikombe chake, haelewi hata kidogo na wala hajidai kuelewa, ila ana masikio ya miaka hamsini ya bingo, anamjua anayesema namba kwa hakika na anayebabaisha. "Umesita hapo. Rudia." Nimeelewa, Bibi. "Umeelewa na umesita? Rudia." Uchakavu tuliusomea kwenye kigari chake cha umeme cha kutembelea, nikamwambia, Bibi, kila mwaka kigari chako kinapungua thamani. "Nani kasema?" Kitabu kimesema. "Kitabu kimewahi kukipanda?" Na usiku ule hakunisemesha mpaka nikafuta neno kigari nikaandika mashine ya kiwanda, lakini uchakavu uliniingia na haujatoka, na umeme tuliokwisha kuutumia ila bili haijaja, nao ukaniingia, ni gharama ya mwezi huu hata kama karatasi itafika mwezi ujao, kilichotumika kimetumika, na pande mbili za mizania zikakaa sawa siku moja ya mvua pale mezani nikapiga kelele mpaka mbwa wa jirani akabweka, ila hisabati, hisabati ilikuwa ngumu kwa sababu ya zile herufi zinazokaa mahali pa namba, kila nikiziona namsikia Pickering na mkono wake begani... "Mpira, binti, umelala?" Sita na tisa, sitini na tisa, samahani, Brenda.

Na mwezi wa nane kwenye chumba cha marudio, swali la nne, jasho, karatasi nyeupe, mkono wa Pickering begani, ndipo nikafanya kile ambacho sijamwambia mtu, nikaanza kuziita. Kimoyomoyo, kwa sauti hii hii ya Jumatano, pole pole, kila namba kwa zamu yake, na kila herufi nikaipa jina kama tunavyozipa hizi namba majina, na zikaja. Zikaja moja moja kama zinavyokuja hapa, hazikunisukuma, hazikukimbia, nikacheka peke yangu, msimamizi akaja kuangalia nina nini chini ya meza, sikuwa na kitu, nilikuwa na mimi tu, na swali la tano likafuata, na la sita, na sikusita, sikusita hata mahali pamoja, Bibi angekuwepo asingepata pa kusema rudia. Kwa hiyo simu iseme inavyotaka kusema. Jodie aliona hilo limesimama wazi mbele yake kati ya vikombe na vichwa vyeupe, nilizijua, ninazijua, hakuna atakayezitoa tena, na hata kama kwenye simu wanasikitika, lile shati silivai, nitatafuta chuo kingine, nitaanza na sifuri nyingine, lakini mtu aliyeamini yale maneno ya Pickering sipo naye tena, kaondoka, na mgongo wake ukanyooka pale jukwaani bila yeye kuuambia, na mkono ukaingia kwenye mashine ukatoka na mpira, na kabla hajautazama Bibi Avril alisimama.

Katikati ya mchezo hakuna anayesimama. Ukiwa na haja unabana. Bibi alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake, akainua simu juu ya kichwa na kutoa sauti ambayo Jodie hakujua imo ndani ya kile kifua, "Amepitaaa!" na kwa kuwa katika klabu ile anayepiga kelele ni aliyepata nyumba, nusu ya ukumbi wakakunja kadi zao kwa hasira, wakazitupa, chai ikamwagika, Trevor akatoka mbio kaunta na taulo begani kuja kukagua kadi ya ushindi, "Iko wapi kadi, Avril?" "Kadi gani? Amepita! Hisabati! Mjukuu wangu anaingia mwaka wa kwanza!" "Kwa hiyo si nyumba?" "Nyumba ya nini, Trevor, huna masikio?" Na Brenda kule nyuma, "Avril, mwendawazimu wewe, nimebakiza moja na kadi nimeshaichana!" kisha Brenda huyo huyo akauliza, "Amepita hisabati? Huyu wetu?" akaanza kugonga meza kwa kitako cha kalamu, na Bwana Harker naye, na meza ya dirishani, na meza zote, na Trevor akamtazama Jodie kule juu, akavuta taulo begani akajifuta uso, akasema, "Basi lile shati... ah, mhasibu wetu," na safari hii hakuwa anatania.

Bibi analia na miwani iko kichwani. Nami ninalia, nadhani, au ninacheka, kipaza sauti kiko wazi na wote wananisikia navuta kamasi, mwaka wa kwanza, nitapita mlango wa mbele na trei yangu, na mchezo haujaisha, watu wanazikunjua kadi zao, Brenda anaunganisha vipande viwili kwa kidole, mpira ungali mkononi mwangu, umepata joto, mdogo, mwepesi, mchana bado ni ule ule. "Hakuna nyumba," Jodie akasema, "mchezo unaendelea," akaugeuza mpira ausome, na Bibi Avril akateremsha miwani, akakaa kwenye kiti alichookotewa na Trevor, akafungua kifuniko cha kalamu. Tatu na nne, thelathini na nne, Jodie akaita, bila kusita.