Alama ya Ng'ombe wa Lemuta

Mwaka ule wa kuwasaka wahujumu uchumi, mwandiko wa mkono kwenye karatasi ya serikali ulikuwa balaa. Mkono, walisema, ndio unaoghushi. Mashine haina tamaa. Basi Hilaria, mpiga taipu wa ofisi ya mifugo pale Babati, alimponza mzee wa watu kwa kalamu yake.

Juzi yake alimwandalia mzee Lemuta wa Simanjiro kibali cha kusafirisha ng'ombe thelathini na saba. Kila kitu alikipiga kwa taipureta, isipokuwa alama ya moto iliyo pajani mwa ng'ombe: duara lililokatwa na mstari. Mashine haikuwa na kitufe cha namna hiyo, akainakili kwa kalamu. Kwenye kizuizi cha Mutuka mzee akanyang'anywa kibali, eti cha kughushi. Ng'ombe wakafungiwa zizini, na Lemuta akaambiwa alete kingine, mashine tupu, kabla ya saa kumi jioni. La sivyo ng'ombe wanataifishwa, naye analala ndani.

Sasa ilikuwa saa saba, na mzee amesimama mbele ya meza ya Hilaria, shuka limejaa vumbi.

"Shikamoo, mzee," Hilaria alisema, hata kumtazama usoni akashindwa.

"Marahaba, mama. Ng'ombe hawajanywa maji tangu jana."

Hakumlaumu. Heri angemlaumu. Hilaria akavuta droo: fomu imebaki moja, na nyingine zingekuja lini Mungu ndiye ajuaye, maana hata sabuni mjini ilikuwa hadithi. Akiiharibu hii, basi tena. Akachukua kwanza kipande cha gazeti kuukuu ajaribie.

Akapiga O. Akarudi nyuma nafasi moja, akapiga mkwaju juu yake, ule mstari wa mshazari. Duara likakatika vizuri kabisa. Kumbe jambo lenyewe dogo hivi! Akampa mzee aone.

Lemuta akatikisa kichwa. "Huyu si wangu. Huyu ni wa Silau."

"Silau ndiye nani?"

"Jirani yangu kule kwetu. Mstari wake unaegemea kulia. Wangu unaegemea kushoto."

Siku ile Hilaria alinakili tu, hakushika mstari umelalia wapi. Angeipiga ile kwenye fomu, mzee angefika kizuizini na kibali cha ng'ombe wa mwenzake, na hapo nani angemwokoa? Akapekua mashine kitufe kwa kitufe. Mkwaju wa kuegemea kushoto hakuna. Walioiunda hawakumfikiria Lemuta. Akachomeka gazeti kichwa chini miguu juu, mkwaju ukatoka vilevile, kulia, mkaidi kama punda. Machozi yakamlenga.

Mzee wakati huo alikuwa akikigeuzageuza kile kipande cha kwanza. Hakujua kusoma, na kwake karatasi haikuwa na juu wala chini. Akakishika kiubavu. Hilaria, kwa uchungu aliokuwa nao, nusura amkaripie kwamba karatasi haishikwi hivyo.

"Sasa ni wangu," Lemuta akasema.

Hilaria akainama kutazama. Mama yangu! Kiubavu, mkwaju umeegemea kushoto.

Fomu ilikuwa nusu karatasi tu, ikaingia kwa ubavu bila shida. Akaiviringisha polepole hadi nafasi ya alama ikakaa sawa. O. Nyuma moja. Mkwaju. Akaichomoa, akairudisha wima, akapiga yaliyobaki. Kisha akafunga ofisi wakaondoka wote wawili, maana kungoja habari asingeweza.

Kizuizini, mkaguzi Paskasi aliishika fomu kando ya paja la ng'ombe mmoja, akatazama huku, akatazama kule. Akaenda kwa wa pili. Akaenda na kwa wa tatu, mtu mbaya huyu.

"Mashine tupu," alisema mwishowe, na akavuta mti wa lango.

Ng'ombe wakatoka mbio kwenda mtoni. Hilaria akaketi kando ya barabara.

"Mzee, nisamehe. Ile kalamu ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyekuponza."

"Najua, mama. Si nilikuwa nimesimama pale?" Lemuta alikuwa akiwatazama wanyama wake wakinywa. "Uliichora vizuri sana."

Hilaria akacheka, akalia, akacheka tena.