Data za Zamani

Evodia aliandika programu yake kwenye chumba cha kupanga, Singida mjini. Kila asubuhi ilivuta data za vimbunga vya Bahari ya Hindi kutoka tovuti ya wataalamu wa hali ya hewa, ikazichambua, kisha ikawatumia meseji wakulima wa Ilongero. Kimbunga kikikaa vibaya huko baharini huvuta mawingu, huku bara kukakauka. Mama yake mdogo, Magdalena, mkulima wa Ilongero, ndiye aliyewashawishi majirani watoe namba zao.

Januari ile, siku tisa mfululizo, meseji zilisema: "Hakuna kimbunga. Unaweza kupanda." Watu wakapanda alizeti. Jua likawaka, mbegu zikafia ardhini.

Evodia alipoifungua programu aliona kosa. Tovuti ilikuwa imebadilisha mpangilio wa mafaili yake, programu ikashindwa kuyasoma, na badala ya kunyamaza ikawa inarudia data za mwisho ilizopata. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiagiza hivyo wakati wa majaribio, isije ikamsumbua kwa kukwama kila mara. Alikusudia kulifuta agizo hilo. Hakulifuta.

Siku hiyohiyo Magdalena alipiga simu. "Usijisumbue, mwanangu. Mvua ni ya Mungu. Kila mtu anasema ulijitahidi."

Ilimchoma kuliko matusi. Akajibu, "Asante, mama." Nani Ilongero angejua? Kwa siku tatu hakupika wala hakutoka chumbani. Ya nne akapanda bodaboda kwenda Ilongero.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

"Kimbunga kilikuwepo. Nilikuwa nawatumia habari za zamani. Kosa ni langu."

Magdalena aliweka ungo chini. "Nilipokupigia ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Hakufoka. Alijifunga kanga yake vizuri. "Twende. Utawaambia kwa mdomo wako."

Walizunguka nyumba kwa nyumba. Wengine walimpa pole, akashindwa kuwatazama usoni. Mzee Chediel alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Toa namba yangu huko kwako," alisema.

"Nisamehe, baba."

"Nimekusikia. Itoe."

Akaitoa mbele yake.

Njiani Magdalena alisema jambo moja tu: "Ikishindwa kusoma, iseme imeshindwa. Hata sisi hatusomi kila kitu."

Kesho yake walipanda upya, safari hii mtama unaostahimili ukame. Magdalena alitangulia na jembe, Evodia akafuata akidondosha mbegu. Waliendelea hivyo mpaka shamba likaisha.