Kipoyi Kilichopita Kimya

Kila asubuhi ukungu uliposhuka juu ya kijiji cha Kibabi, Sylvain aliwasikia. Watu wanne wakipita kwenye kijia kilicho chini ya shamba lake la maharage, bila kusema neno. Alisikia tope likifyonza miguu yao na mianzi ikilia kwa uzito, kisha basi. Mara ngapi aliteremka mbio kwenda kutazama! Hakukuta mtu wala alama ya unyayo. Na kila walipopita, bega lake la kushoto lilizama kama vile kuna aliyelitwika kitu, na halikuinuka mpaka jua lilipotoka.

Hakuwa mwehu. Tukubaliane hilo mapema, maana watu wana haraka ya kumwita mwenzao mwehu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitano, mzaliwa wa misitu ya Walikale aliyekuja kuoa Masisi akabaki huko. Hakulewa, hakukosa misa, na hakuna mgonjwa aliyebebwa kutoka kijijini bila yeye kutia bega chini ya mti wa machela. Watu walimwita Papa Bega. Jina lile walimpa kwa upendo, naye lilimchoma kila alipolisikia.

Milima ile gari haifiki kila mahali. Mgonjwa hulazwa kwenye kipoyi, kitanda cha mianzi, wanaume wanne wakakiinua mabegani wakashika njia ya hospitali. Njia nzima wanapiga kelele: "Bega! Bega!" Anayesikia, awe analima, awe anakula, awe amegombana jana tu na ukoo wa mgonjwa, huacha alichonacho akateremka kupokea mti mpaka kilima kinachofuata. Haulizwi yeye ni nani. Lakini wakibeba maiti hupita kimya, kwa sababu maiti hana haraka. Ukiwaona unasimama kando, unavua kofia, unaomba, unarudi kwenye jembe lako. Hivyo ndivyo watu wa pale wanavyoishi, na hakuna aliyefundishwa darasani.

Miaka miwili nyuma, kulikuwa na wiki ambayo watu wenye bunduki walikaa kilima cha pili, wakikamata kila mwanaume waliyemwona na kumbebesha mizigo yao. Asubuhi moja ya wiki hiyo, Sylvain alisikia miguu akajificha kwenye migomba. Kipoyi kikatokea kwenye ukungu. Wabebaji wanne, kimya. Akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akaanza kumwombea marehemu kwa sauti ya chini.

Alikuwa katikati ya sala pale blanketi liliposogea. Mwanamke akageuza shingo, akamtazama.

Wale wabebaji walikuwa wamenyamaza kwa kuogopa bunduki, si kwa sababu ya kifo. Kosa la kwanza mtu yeyote wa milima ile angelifanya, na sidhani kama Mungu angemshikia. Lakini baada ya yale macho? Baada ya yale macho Sylvain alijua. Aliona mbebaji wa nyuma anachechemea. Aliona tumbo kubwa chini ya blanketi. Akafikiri juu ya bunduki. Akafikiri juu ya aibu ya kuchomoza migombani na sala ya maiti bado iko mdomoni. Alikuwa bado anafikiri walipopinda kona, na macho yale yalimtazama mpaka kona ikayameza.

Gentille, ndilo lilikuwa jina lake, alikufa ikiwa imebaki saa moja kufika hospitali ya Mushaki, mtoto akiwa tumboni. Hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na mwanaume kwenye migomba.

Mjomba wake Sylvain, mzee Sébastien wa Walikale, ndiye pekee aliyeambiwa kuhusu bega, na aliambiwa nusu tu. Alisema kuna tambiko la wazee la kushusha mzigo wa namna ile na kuuacha kwenye njia panda. Sylvain alilala macho usiku kucha, kisha akakataa. "Nikiuacha pale njiani, ni nani ataubeba?" alimuuliza mjomba. Mzee alimwambia ameharibiwa na katekisimu.

Badala yake alikwenda kwa mama yake Gentille.

Mama Geneviève aliishi peke yake chini ya kilima, kwenye kibanda kilichoinama. Mkwe wake, mume wa Gentille, alikuwa ameondoka kutafuta kazi kwenye machimbo ya Rubaya na hakurudi. Sylvain alianza kwa kumletea dumu moja la maji. Kisha kuni. Kisha akamlimia viazi. Kisha akaona miguu yake. Mama yule hakuweza tena kuinama, na funza walikuwa wamemla vidole mpaka alitembea kwa visigino. Tangu hapo, kila Ijumaa, Sylvain alichemsha maji, akapiga magoti kwenye udongo, akapakata miguu ile mapajani pake, na kwa pini aliwatoa funza mmoja mmoja. Kisha aliiosha na kuipaka mafuta ya mawese. Ilikuwa kazi ya kunuka. Hakukunja pua hata siku moja, na ajabu ni kwamba akiwa pale magotini, bega lilipumzika.

Lakini alilipia. Mama Geneviève alipenda kuongea wakati anaoshwa, na kila Ijumaa, bila ubaya wowote, alifika mahali palepale.

"Balikuwa bane tu, papa. Ingekuwa batu batano ao sita, bangefika. Njia yote hakuna hata bega moja!"

Sylvain aliinamisha kichwa, akatafuta funza.

Sasa ikatokea kwamba Floribert, katekista, mtu mwema asiyejua kufunga mdomo, alimjia shambani siku ya Alhamisi akicheka.

"Papa Bega, tumekuchagua! Utakuwa kiongozi wa kikundi ya kubeba bagonjwa, parokia muzima. Siku ya yenga padri atakubariki mbele ya batu bote. Na Mama Geneviève njo atatoa ushuhuda. Ameshakubali. Alilia, hata!"

Sylvain aligeuka akarudi kwenye jembe. Jumapili mama yule angesimama kanisani na miguu aliyoiosha yeye, aseme kwa kinywa chake kwamba Mungu alimletea mtu mwema. Angeweza kuvumilia ukungu. Angeweza kuvumilia uzito mpaka azeeke. Hilo hakuweza. Na akisema ukweli, angeupoteza ule mlango mmoja duniani ambapo alipata nafuu, na mama naye angebaki bila maji, bila kuni, na vidole vinaoza. Alizunguka na mawazo hayo mpaka Ijumaa ikafika, na ukungu ukafika pamoja nayo.

Alichemsha maji. Alipiga magoti. Alitoa funza watatu kwenye mguu wa kulia, akausafisha, akaupaka mafuta. Mama akaanza, kama kawaida: "Balikuwa bane tu, papa..."

"Mama," alisema Sylvain, "mi nilikuwa pale."

"Pale wapi?"

Akamwambia. Hakupamba kitu. Migomba, kofia, sala, blanketi. Alipofika kwenye macho, alijilazimisha akamaliza. "Nilimuona iko muzima, mama. Nikabakia mule mule."

Mama Geneviève aliuvuta mguu kutoka mikononi mwake. Aliuvuta polepole, maana ulikuwa unauma, lakini aliuvuta. Maji yalikuwa yanavuma kwenye sufuria.

"Alikuwa naogopa?" aliuliza mwishowe.

"Mama..."

"Nakuuliza wewe. Balinambia alikuwa amelala, hakujua kitu. Wewe njo ulimuona. Mutoto yangu alikuwa naogopa?"

Angeweza kumdanganya. Mtu mwingine angemdanganya, na labda ingekuwa huruma. "Ndiyo," alisema. "Alikuwa naogopa. Aliniangalia sawa muntu mwenye kuomba kitu."

Mama yule akatoa sauti ambayo Sylvain hakuwahi kuisikia kwa mtu. Alijipiga mapaja, akaliita jina la bintiye mara tatu, kisha akanyoosha kidole mlangoni. "Toka."

Alitoka. Ukungu ulikuwa umeumeza uwanja, hakuona hata ua. Alitaka kwenda nyumbani. Ndipo akawasikia. Hawakuwa kule kwenye kijia cha shamba lake. Walikuwa hapa, wanakuja kwenye kibanda, tope likifyonza, mianzi ikilia. Walikuja mpaka mbele yake wakasimama. Alisikia pumzi zao, na nyuma yao pumzi ya tano, fupi fupi, ya mtu aliyelala. Bega likazama kuliko siku zote. Safari hii hakwenda kujificha. Alilia machozi waziwazi kama mtoto, akasema kwa sauti, "Nisamehe, dada," na hakuna aliyemjibu. Hawakuondoka pia.

Hajui alisimama pale muda gani. Ndani, kilio kilishuka kikawa kwikwi. Alifikiri atamwomba Floribert atafute mtu mwingine wa maji. Alifikiri atahamia Walikale.

"Sylvain!"

Ilikuwa sauti ya mama, kavu. Hakumwita Papa Bega, wala papa.

"Maji inapoa."

Aliingia ameinama. Mama Geneviève alikuwa pale pale kwenye kigoda, uso umevimba, hamtazami. Lakini alikuwa ameunyoosha mguu wa kushoto, ule ambao haujaguswa, wenye vidole vyeusi.

"Mi sikusamehe," alisema. "Usijidanganye. Siku nitakusamehe, nitakuambia, na pengine nitakufa sijakuambia. Siku ya yenga nitasimama, nitasema yote, kila muntu asikie venye ulifanya mutoto yangu. Na wewe utakuwa umesimama pale, unasikiliza."

"Ndiyo, mama."

"Halafu kesho yake utaleta maji, sawa siku zote."

"Ndiyo, mama."

"Basi toa funza."

Sylvain akapiga magoti. Kwa mara ya kwanza chini ya paa lile, uzito haukumwacha. Ulibaki umemkalia begani, wote, na nje miguu ya wale wabebaji ilikuwa bado imesimama kwenye tope ikingoja. Akachovya kitambaa kwenye maji, akaupokea mguu kwa mikono miwili.