Salamu za Walio Hai

Msikilizaji hana adabu, jamani. Mwimbie bure, atasema umelewa. Muuzie sidii, atasema umezeeka. Perpétue alilijua hilo tangu enzi za baa, na ndiyo maana kila Jumapili wakitoka kanisani, hata kabla hajavua koti, alimwambia binti yake, "Haya Concessa, washa hiyo mashine. Nisomee matusi yangu."

Concessa aliwasha kompyuta juu ya meza ya jikoni, pale kwao Tensta, kitongoji cha Stockholm, ghorofa ya tano, akamsomea. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, herufi kwake zilikuwa ukungu mtupu. Mwaka ule, 2010, mpwa wake Glody alikuwa amemrekodi nyimbo kumi na moja katika chumba cha chini ya jengo, ukuta mmoja na mashine za kufulia, akaziweka kwenye ukurasa wa mtandao wanaoupenda watu wa Uvira na Bujumbura waliotawanyika duniani. Chini ya albamu palikuwa na nafasi ya kutoa nyota na maoni. Na watu walitoa, wee!

"Huyu wa Ottawa anasema sauti yako ni kama sufuria inayokwanguliwa ukoko."

"Sufuria iliyolisha watu. Endelea."

"Wa Nairobi anasema wewe huimbi, unalalamika."

"Yeye hana la kulalamikia? Mwache, siku yake inakuja. Endelea."

"Huyu ni Mswidi. Anasema hii ni bluzi, ile ya baa za barabarani kule Amerika, ila imezaliwa kwetu. Nyota tano."

"Mswidi kanywa nini asubuhi yote hii?" Perpétue alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kilipoisha akauliza lile alilouliza kila Jumapili. "Basi? Hakuna mwingine?"

"Hakuna, mama."

"Haya. Funga."

Nyota zilikuwa porojo tu. Mama yule alikuwa akimtafuta Fidèle, mwanawe wa kwanza, kakake Concessa, na hiyo albamu yote ilikuwa wavu wa kumvulia.

Perpétue aliimba miaka ishirini na minne kwenye baa ya Mzee Damas, kusini ya Uvira, kando ya barabara walipolala madereva wa malori. Fidèle alipiga gitaa nyuma yake. Pale baani alimwita mama yake Yaya, yaani dada mkubwa, kama kila mtu alivyomwita, maana mwimbaji wa baa mwenye mtoto mwenye ndevu hatunzwi pesa na mtu. Walikubaliana hivyo wenyewe na wakacheka. Baa ilifungwa kwa wimbo mmoja tu, na wimbo ule ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza salamu za walio hai: Perpétue aliita majina ya wateja, waliopo na walioko safarini, na kila jina lilipotajwa watu waliinua glasi wakalijibu kwa kelele. Kisha gitaa lilipunguza mwendo, wote wakasimama, yakatajwa majina ya waliokufa barabarani, na kila jina likamwagiwa bia chini. Hukuchanganya sehemu hizo mbili. Kumtaja aliye hai kati ya wafu ilikuwa kumtakia ajali. Kumtaja mfu kati ya walio hai ilikuwa kumwita mtu asiyeweza kuitika, ukamwacha amesimama mlangoni.

Vita vilipokuja mwaka tisini na sita, walikimbilia barabarani watatu. Lori moja likasimama, lina nafasi ya mtu mmoja. Vizuizini wanaume ndio waliokuwa wakitolewa kwanza na kuuawa, kwa hiyo Perpétue akamsukuma Fidèle na gitaa lake juu ya magunia. "Panda! Sisi tutafuata." Concessa, msichana wa miaka kumi na tisa, alibaki kwenye vumbi akijua kabisa mama yake ameokoa nani na ameacha nani. Hakuwahi kulisema hilo, lakini lilimkaa rohoni mpaka Uswidi, kama mfupa wa samaki kooni. Lori likaondoka, na hapo ndipo habari za Fidèle zilipokoma.

Kwa hiyo, kwenye wimbo wa mwisho wa albamu, mama akaita majina ya walio hai yote anayoyajua, na la mwisho kabisa akaimba, "Na Fidèle wa gitaa, popote ulipo." Glody alimwuliza kwa nini hakusema mwanangu. "Ananijua," alijibu. "Akisikia jina lake kwenye salamu ataitika. Kama si yeye, ni aliyemwona."

Na kweli, aliyemwona aliitika.

Ilikuwa Jumanne, wiki ya saba. Concessa alikuwa kazini Skärholmen, kwenye nyumba ya kulelea wazee. Wakati wa mapumziko alifungua ule ukurasa kwenye kompyuta ya wafanyakazi, apitishe muda tu. Maoni mapya yalikuwa ya mtu mmoja tu, aliyejiita Dereva wa Zamani.

"Nyota mbili," aliandika. "Sauti bado ipo ingawa imekwaruzika. Gitaa limepigwa na mtu asiyewahi kuingia baa. Lakini kosa kubwa liko kwenye wimbo wa kufungia. Yaya Perpétue anamsalimia Fidèle wa gitaa pamoja na walio hai. Huyo tulimzika sisi madereva, Novemba tisini na sita, kando ya barabara, karibu na daraja lililokatika. Tuliokuwa wateja wa Damas tunaujua mpangilio. Mwimbaji wa umri wake hawezi kukosea namna hii. Arekebishe."

Concessa aliyasoma kama anayesoma tangazo la basi. Kakake alikuwa ameletwa kwake ndani ya malalamiko ya mtu mwenye kisirani kuhusu mpangilio wa wimbo! Hasira ilimshika, na nyuma ya hasira likaja jambo la aibu. Aliyewekwa juu ya magunia ili aokoke ndiye aliyekufa, na aliyeachwa kwenye vumbi ndiye anayekunywa kahawa Stockholm. Miaka kumi na minne alikuwa amemwonea wivu marehemu. Alikwenda chooni akafungulia maji ya bomba ili wenzake wasimsikie akilia.

Jumapili ile mama alisema, "Haya, nisomee matusi yangu," na Concessa akadanganya. Akatunga. "Huyu wa Kigali anasema nyimbo ni tamu sana, Mungu akubariki." Jumapili ya pili akatunga wa Brussels, na ya tatu akatunga wawili. Kila mara mama aliuliza kama hakuna mwingine, naye akajibu hakuna, akafunga.

Angeendelea hivyo mpaka lini? Mwenyewe hakujua. Ila Glody alikuwa amekodi ukumbi Jakobsberg, Jumamosi mchana, Perpétue aimbe albamu nzima mbele ya watu. Concessa akaanza kukosa usingizi. Kumwacha mama yake asimame mbele ya kadamnasi amsalimie maiti! Na je, kama mtu mwingine ukumbini anaijua habari?

Alhamisi kabla ya onyesho alikuwa akipiga pasi gauni la mama. Perpétue alikaa kitini akimsikiliza, kisha akasema kwa upole, "Concessa. Wiki tatu hizi sijatukanwa."

"Watu wamekupenda, mama."

"Nimeimba baa tangu hujazaliwa. Sijawahi kumaliza wiki bila mtu kunitukana. Na hawa wako wote wanasema Mungu akubariki. Wamekuwa kwaya?" Akanyoosha mkono hewani akitafuta wa binti yake mpaka akaupata. "Mwanangu, uongo huuwezi. Kuna mtu ameandika. Zima hiyo pasi unisomee."

"Mama, tafadhali…"

"Nisomee kama alivyoandika. Usimpambe."

Concessa akazima pasi, akawasha kompyuta, akasoma. Nyota mbili. Sauti iliyokwaruzika. Gitaa. Daraja. Arekebishe. Alipomaliza hakuthubutu kumtazama.

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Tena."

Mara ya tatu sauti ilimkatika kwenye neno tulimzika, na mama akalimalizia yeye mwenyewe, maana alishaishika sentensi yote kwa kichwa. Hakupiga yowe. Alijipigapiga goti kwa kiganja, polepole, mapigo ya ile sehemu ya pili ya wimbo.

"Mimi ndiye niliyemwambia apande," alisema.

"Uliniacha mimi nife," Concessa akasema, na neno lilikuwa limeshatoka. Alijiziba mdomo.

"Ee," mama akajibu. "Nilikuacha. Nilipiga hesabu za mama pale barabarani, zikanishinda. Kila siku ninayokuona hapa jikoni namshukuru Mungu na ninamwonea aibu." Machozi sasa yalikuwa yakimtiririka naye hayafuti. "Nawe umeshika habari ya mwanangu wiki tatu. Hiyo pia nimeisikia. Sasa mwandikie huyu mtu."

"Nimwandikie nini? Mtu mbaya vile!"

"Si mbaya. Ni msikilizaji. Andika: aksanti kwa maoni. Ni kweli nimekosea mpangilio, sikuwa na habari. Nitarekebisha." Akapumua. "Muulize kama walimzika na gitaa lake."

Concessa akaandika, kila neno kama lilivyosemwa. Kisha akaongeza sentensi moja ambayo hakuambiwa: Yaya Perpétue ni mama yake mzazi.

Jibu lilikuja Ijumaa asubuhi. Concessa aliliona kabla hajaenda kazini, na safari hii hakulificha hata dakika moja. Alimwamsha mama, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamsomea.

"Mama, nisamehe. Sikujua. Baani alikuita Yaya, nasi tukadhani ni kijana wa kazi tu. Walimtoa kizuizini, sisi tukaachwa. Tulirudi kuchukua maiti yake jioni. Gitaa hatukumzika nalo. Mvua ilinyesha siku nne, hapakuwa na kuni kavu, tulilipasua tukapikia uji wa watoto tuliokuwa nao. Nimekaa na jambo hilo miaka yote. Niliposikia unamsalimia nilikasirika, nikadhani unatudhihaki sisi tuliomzika. Nisamehe sana."

Perpétue alijifunika shuka mpaka kidevuni. "Uji uliiva?" aliuliza. Baadaye akasema tena, akizungumza na dari, "Laiti ningemwita mwanangu. Mbele ya wale madereva. Mara moja tu. Wangenitafuta."

Jumamosi Concessa alimwambia waahirishe. Glody pia aliomba, akalia kabisa. Mama hakutaka kusikia. Alivaa gauni lake la buluu, akashikwa mkono mpaka kwenye treni, na saa tisa mchana alikuwa jukwaani Jakobsberg mbele ya watu mia na zaidi, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, hata yule Mswidi wa nyota tano. Aliimba nyimbo kumi, Glody akimpigia gitaa. Sauti ilikuwa ya kukwaruza kweli, sufuria na ukoko, lakini hakuna aliyenyanyuka kwenda nje kuvuta sigara.

Ukafika wimbo wa kufungia. Watu walikuwa wameisikiliza albamu miezi miwili na zaidi, majina wameyashika yote. Perpétue akiita, wao wanainua chupa za soda na kujibu kwa kelele. Ladislaus wa Lubumbashi! Hoyee! Désiré wa tairi! Hoyee! Concessa, upande wa jukwaa, aliyahesabu yanavyokaribia mwisho. Mama alilimaliza jina la mwisho kabla ya lile, akafunga mdomo. Ndipo ukumbi mzima, kwa furaha, kwa kumsaidia bibi aliyesahau, ukaimba wenyewe: "Na Fidèle wa gitaa, popote ulipo!" Chupa zikapanda juu.

Perpétue akainua mkono.

"Hapana," alisema kwenye maiki. "Shusheni."

Walishusha, mmoja mmoja, wakitazamana. Glody akapunguza mwendo wa gitaa kama alivyofundishwa. Wazee waliowahi kuzijua baa za kule walielewa kwanza, wakasimama, na wengine wakafuata.

"Msikilizaji mmoja ametoa maoni," Perpétue akasema. "Amesema nimekosea. Yuko sahihi. Huyu nilimweka pasipo pake, na kabla ya hapo sikumwita mwanangu miaka mingi, kwa sababu nilitaka kutunzwa." Akageukia upande alikojua binti yake amesimama. "Concessa. Njoo unishikie glasi, sioni."

Concessa akapanda, akamshikia. Mama akaimba bila gitaa, maana Glody alikuwa ameshindwa kupiga. "Na Fidèle," akaimba. "Fidèle mwanangu. Fidèle kaka yake Concessa. Daraja lililokatika." Akasubiri kidogo, kwa mazoea tu, kama anayesikiliza mlango. Ukumbi mzima haukujibu.

Kisha akaushika mkono wa binti yake, wakaiinamisha glasi pamoja, wakamwaga.