Kwaya Iliyoshuka Jukwaani

Ongeri alikuwa hajafika, na ukumbi ulishajaa hadi madirishani. Loice Nyanchera alichungulia tena kwenye mlango wa nyuma. Barabarani hapakuwa na mtu, matope matupu. Bila Ongeri hapakuwa na wa kupiga obokano, na bila obokano kazi aliyoitunga kwa miaka miwili haikuwa na pa kusimama.

Hapo Kisii mjini, mwaka huo wa 1972, Loice alijulikana kama yule mwalimu wa muziki aliyesomea Uingereza. Wachache walijua alichokuwa akiandika kila jioni baada ya kusahihisha madaftari: utungo mrefu wa kwaya, fidla nne na obokano, kinubi kile kikubwa cha Abagusii ambacho uzi wake mnene ukiguswa, hata benchi unalokalia hutetemeka. Aliuita Mvua ya Manga, kwa jina la vilima vya kwao. Waimbaji wengi aliwatoa kanisani kwao Nyaramba, ambako baba yake, Obadiah Onchiri, alikuwa mzee wa kanisa. Na kwa mzee Obadiah, obokano ilikuwa chombo cha walevi. Aliyebatizwa hakuigusa.

Mlango ukafunguka. Alikuwa ni baba yake, amevaa koti lake la Sabato ingawa ilikuwa Jumapili.

"Usimngoje Ongeri. Nimemrudisha nyumbani."

"Umemrudisha? Tata, watu wameshaketi!"

"Nimemwambia akipanda pale na watoto wa kanisa, chifu atajua ni nani anayepika pombe ya chang'aa kule kwetu. Ameelewa." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomtia Loice baridi. "Waimbe bila kile kitu."

"Hawawezi. Sauti zote zinakifuata."

"Basi wasiimbe."

Akarudi ukumbini kuketi. Obokano ya Ongeri, aliyoiacha pale jana yake baada ya mazoezi, ilikuwa imeegemea ukuta. Loice aliitazama. Wakati akitunga, alimwomba Ongeri amfundishe kila uzi, vidole vyake vikavimba. Lakini hayo yalifanyika chumbani, mlango umefungwa. Mwanamke kuipiga hadharani, hata wale walevi wenyewe wangeguna.

Aliinyanyua kwa mikono miwili akatoka nayo jukwaani.

Mnong'ono ulipita ukumbini kama upepo kwenye majani ya migomba. Mdogo wake, Mong'ina, aliyeongoza sauti ya kwanza, alimwinamia. "Dada, unafanya nini?"

"Niangalie kichwa tu. Nikiinamisha, anzeni."

Alikosea uzi wa kwanza. Alianza upya. Mngurumo ukatoka, mzito, fidla zikaingia juu yake, naye akainamisha kichwa. Kwaya ikaimba. Kwa muda mfupi kila kitu kilikaa kama alivyokisikia akilini mwake.

Ndipo baba yake akasimama.

"Watoto wa kanisa la Nyaramba," alisema, bila kupiga kelele, "shukeni."

Loice hakuinua macho. Alisikia ubao wa jukwaa ukilia chini ya viatu: mtu mmoja, kisha wawili pamoja. Sauti ya pili ikakonda, ikakatika. Tryphosa, msichana aliyekuwa na sauti nzuri kuliko wote, alishuka akilia. Waimbaji wa bezi walitazamana, nao wakaanza kuondoka. Loice aliendelea kupiga kwa kuwa hakujua angefanya nini akiacha. Jasho lilimwingia machoni.

Walibaki wapiga fidla, walimu wanne wa mjini wasio wa kanisa lile, na Mong'ina.

"Mong'ina," baba aliita.

Msichana alishika sketi yake kwa mikono yote miwili. Aliimba. Sauti ilimpasuka, akaivuta tena, akaenda nayo hadi noti ya mwisho huku mzee akiwa bado amesimama. Watu hawakujua kama wapige makofi. Baadhi walipiga.

Loice aliondolewa katika ushirika wa kanisa kabla ya mwezi kwisha, na Mong'ina akahamia kwake mjini. Mwaka mzima Loice hakuandika hata noti moja. Alipoushika utungo ule tena, aliubadilisha: sauti ziliacha moja baada ya nyingine, kundi kwa kundi, hadi ukabaki uzi mnene na mwimbaji mmoja. Ulipoimbwa Nairobi mwaka wa 1975, wageni walimsifu kwa ubunifu huo. Aliwashukuru, asieleze zaidi.

Mwaka huohuo baba yake alibisha hodi kwake, amebeba mkungu wa ndizi begani. Aliketi. Mong'ina akamletea chai.

"Siku ile," mzee alisema akiipuliza chai, "ulinionyesha kwa watu kama mtu mbaya."

"Nilikuwa naogopa, tata. Sikuwa nafikiria watu."

"Hata mimi niliogopa."

Loice alingoja aendelee. Mzee alimaliza chai yake, akauliza kama nyumba inavuja mvua ikinyesha, akainuka akisema asije akaachwa na basi la Nyaramba.