Feki ya Kijapani

Mume wangu Zenon nusura auawe sokoni Sumbawanga na mtu aliyekuwa anamsifia. Nasema hivyo mapema ili usije ukamwonea huruma huyo Urbano nitakapomfikisha hapa.

Zenon, baba wa binti yangu Coleta, anauza mitumba ya Kijapani: midoli, redio, na vigitaa vya nyuzi nne vinavyoitwa ukulele. Hivyo vigitaa ndivyo vilivyomteka akili. Ameshanieleza mpaka nimechoka kwamba miaka ya sitini mafundi wa Japani waliiga ukulele za kampuni moja kubwa ya Marekani, umbo lilelile, kichwa kilekile, hadi nakshi za kuzunguka tundu. Siku hizi wapo watu wanaozitafuta kopi hizo zenyewe, kwa mbao zake zilizokauka vizuri na mkono wa fundi, na hawataki nyingine. Urbano alikuwa mmoja wao. Alipanda basi kutoka Dar es Salaam kuja kununua vitatu alivyotumiwa picha zake kwenye simu.

Mimi napika ugali wa ulezi kibanda cha jirani, kwa hiyo nilimwona akifika. Kijana nadhifu, ana heshima, akatuamkia shikamoo sote wawili. Akachukua kigitaa cha kwanza, akakigonga mgongoni kwa kidole, akamulika ndani ya tundu kwa tochi ya simu. Kisha akaruka juu kama mtu aliyefunga goli.

"Feki!" akapiga kelele. "Mzee, hii ni feki kabisa! Feki tupu!"

Mwezi ule heri angechagua neno lolote lingine. Mbolea feki ilikuwa imeingia vijijini, mahindi yamegeuka njano yakiwa kimo cha goti, na aliyeiuza hajulikani alipo. Watu walikuwa wanakuja sokoni na hasira zao bila kuwa na wa kumpa. Kasmir, mkulima kutoka kijiji cha Kate, alikuwa amekaa kwenye benchi langu na sahani yake. Shamba lake lote lilikuwa limekwenda. Akainuka mdomo umejaa ugali.

"Na huyu naye anauza feki?"

Alimtandika Zenon ngumi ya mdomo kabla sijaipua sufuria. Mwingine akaja na mpini wa jembe. Baada ya hapo ilikuwa mateke tu, watu wanasukumana kutafuta nafasi ya kupiga. Urbano alikuwa anapayuka, "Namsifia! Ndiyo ninayoitaka hiyo!" mpaka mtu akamnasa kibao, akaenda kukaa kwenye tope. Nani angemwamini? Nani anasafiri kutoka Dar kuja kununua feki?

Ndipo nikasikia sauti ikisema, "Leteni tairi."

Tairi lilikuwa la kumchomea. Ningelia, wangenisukuma pembeni. Ningesema hana kosa, wangenichanganya naye. Nikachomoa mwiko kwenye sufuria, ugali wa moto umeganda juu yake, nikaingia katikati.

"Mwacheni! Huyo ni wangu!" nikapiga kelele, nikamchapa Zenon mgongoni. "Mshenzi mkubwa! Juzi hawara kule Kasanga, leo feki sokoni! Leo utanitambua!"

Zenon hana hawara Kasanga wala kwingine, ana hivyo vigitaa tu. Lakini watu waliacha mateke wakatazama. Pande la ugali liliruka likamkuta mtu shavuni, wengine wakaangua kicheko. "Mpe, mama! Mpe huyo!" Nikazidi kutukana, nikazidi kuchapa, nikaona duara linalegea.

Kasmir hakucheka. Mpini sasa ulikuwa mkononi mwake. "Huyu anambembeleza tu," akasema. "Sogea, mama."

Nikainama. "Simama twende," nikamnong'oneza Zenon. Hakusimama. Hapo ndipo nilipoona kwa nini. Alikuwa amejikunja chini, mikono yote miwili kifuani, amekikumbatia kigitaa. Kichwa alikuwa ameuachia umati. Damu ilikuwa inamtoka puani, naye anageuza uso isije ikadondokea mbao.

Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe. Nikaushika mwiko kwa mikono miwili nikampiga nao sikioni. Mwiko ukakatika vipande viwili. Kigitaa kikamponyoka, mtu akakikanyaga. Hata Kasmir alirudi nyuma.

"Basi, mama," akasema. "Utamuua."

Nikamshika Zenon ukosi wa shati nikamburuta mpaka kwenye bajaji. Umati ulitupisha, wengine wananipigia makofi.

Hospitalini walimshona mdomo na kumfunga mbavu. Hayo yatapona, daktari alisema, ila sikio la kulia halitasikia tena. Urbano alikuja na vigitaa viwili vilivyosalia, amevifunga kwenye shati lake, akasimama mlangoni mwa wodi anatokwa na machozi. Nikamwambia akalie nje.

Asubuhi Zenon akafumbua macho, akanikuta nimekaa kulia kwake.

"Mama Coleta," akasema kwa taabu, "yale yote ulikuwa unaigiza?"

"Ya mgongoni, ndiyo," nikamjibu. "La sikioni lilikuwa la kweli. Nilitaka uumie. Unakufa mbele ya macho yangu, na mikono yako imelinda kopi! Mimi hukunifikiria hata kidogo. Mwanamume mjinga wewe."

Alinitazama, akawa kama anayengoja. Kisha akageuza kichwa polepole kwenye mto, akaniletea sikio la kushoto.

"Upande ule sijasikia," akasema. "Rudia."

Nilifungua mdomo nirudie yaleyale, maana nilikuwa bado nayamaanisha. Yakakataa kutoka.

"Nimesema niliogopa, Baba Coleta," nikamwambia. "Niliogopa sana."

Akapapasa shuka mpaka akaupata mkono wangu.