Mtoto wa Jicho

Mama Bosi alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kumsifia mwanawe. Wa pili ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na huo ungetoka kwa upasuaji wa bure, mradi apate kadi ya matibabu ya wazee wasiojiweza. Bila kadi angebaki kupapasa kuta mpaka kufa kwake.

Ndiyo maana asubuhi ile alikuwa mbele ya dirisha la ofisi ya ustawi wa jamii, ameshikilia shati la Bosi kwa nyuma asijikwae. Bosi ni kinyozi. Jina hilo alijipa mwenyewe, na kiti anachonyolea ni cha kukodi, ila mtaani hawajui, maana anajua kuvaa kuliko anavyojua kunyoa.

"Shikamoo, bibi," karani alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Una mtu anayekutunza?"

Njia nzima Bosi alikuwa amemfundisha: ukiulizwa hilo, sema huna. Lakini mazoea yana taabu. Mama alinyoosha shingo.

"Hee! Kwani huyu humwoni? Mwanangu Bosi! Ananilisha, ananivisha. Maziwa niliyomnyonyesha hayakupotea bure."

Karani akaweka kalamu chini. "Basi kadi hupati, bibi. Hii ni ya wazee wasio na mtu. Mwenye mtoto anayejiweza hutibiwa na mtoto wake." Akamgeukia Bosi. "Au humtunzi? Sema tu, kaka, niandike."

Nyuma yao benchi lilikuwa limejaa, na nusu yake ni vichwa alivyovinyoa Bosi. Neno lenyewe lilikuwa fupi: simtunzi. Tena lilikuwa kweli tupu. Mara ya mwisho kumpelekea mama yake hata sukari, hakuikumbuka. Alifungua mdomo, akakohoa, akatazama viatu vyake vinavyong'aa. Aibu ilimchoma mpaka masikioni, na bado hakusema.

Mama alingoja. Macho yalikuwa yamekwisha, si masikio, na kimya kile alikisikia vizuri.

"Nilikuwa nakutania, baba," alimwambia karani. "Ndiyo uzee huo. Andika hivi: mtoto ninaye mmoja tu, wa jicho."

Benchi zima likaangua kicheko. Hata karani alicheka. "Na huyu kijana je?"

"Jirani. Kanisindikiza tu."

"Kweli, kaka? Jirani?"

Bado angeweza kusema. Angeweza kusema, huyu ni mama yangu, kanizaa, na mimi simtunzi, mpeni kadi yake. Watu wangemcheka wiki moja, wakachoka.

"Ndiyo," Bosi alisema. "Jirani."

Mzee mmoja wa benchini alisonya. Karani alimtazama Bosi, akagonga muhuri na kumwekea mama kadi kiganjani, akamkunjia vidole mwenyewe.

Nje ya mlango kulikuwa na ngazi. Mama alisimama, akanyoosha mkono hewani akilitafuta lile shati.

"Nishike basi, jirani," alisema, "nisije nikaanguka."

Bosi alimshika, akangoja acheke. Mama hakucheka.